Pete mseto, vijidudu na kutu ya mwili: maswali tunayoulizwa kila muhula

Kwenye meza ya maabara yetu ya kemia hapa kisiwani Mombasa kuna daftari la mistari, jalada lake limeshaliwa na asidi pembeni. Humo huandika maswali ninayoulizwa na wanafunzi wa miradi ya mwisho, na wakati mwingine na watu wa nyumbani wanaotaka kujua tunapika nini kule ndani. Miaka inapita, maswali ni yale yale. Nimeona niyajibu mara moja, kwa urefu, ili nipate nafasi ya kunywa chai.

Heterosikliki ndiyo nini hasa?

Chora umbo la pembe sita. Kila pembe ikiwa ni atomu ya kaboni, hiyo ni pete ya kawaida, kama ya benzini. Sasa ng'oa kaboni moja, uweke nitrojeni mahali pake. Umepata piridini, na umeingia kwenye ukoo wa heterosikliki. Mimi huziita pete mseto, kwa sababu ndani ya duara moja kuna atomu za kabila zaidi ya moja: kaboni pamoja na nitrojeni, oksijeni au salfa. Pete inaweza kuwa na pembe tatu, nne, tano, sita au zaidi, na pete mbili zinaweza kushikana ubavu kwa ubavu.

Usidhani ni kitu cha mbali. Ile kahawa tungu ya kwenye dele unayokunywa barazani jioni ina kafeini, ambayo ni pete ya pembe sita iliyoshikana na ya pembe tano, na nitrojeni nne ndani yake. Ukali wa pilipili manga unatoka kwa piperini, nayo ina pete yenye nitrojeni. Vitamini C ni pete yenye oksijeni. Herufi nne za DNA yako zote ni pete mseto. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika dawa za molekuli ndogo zilizoidhinishwa Marekani, asilimia 59 zilikuwa na angalau pete moja yenye nitrojeni.

Kwa nini pete hizi huwadhuru vijidudu?

Hazifanyi kazi kwa njia moja, na hapo ndipo wengi hukosea kwenye utangulizi wa ripoti zao. Wanaandika "pete ya nitrojeni inaua bakteria" kana kwamba nitrojeni ni sumu. Pete ni kama kipande cha ufunguo. Cha muhimu ni kufuli inayoingia.

Chukua Septrin, ambayo kila nyumba ya Pwani imewahi kuwa nayo kabatini. Ndani kuna dawa mbili, trimethoprimu na sulfamethoksazoli, zote zina pete mseto. Bakteria lazima ajitengenezee foleti (vitamini ya kundi B) yake mwenyewe. Sisi twaipata kwenye mchicha na kunde. Dawa hizo mbili zinaziba hatua mbili tofauti za utengenezaji huo, kwa hiyo bakteria anakwama na sisi hatuumii sana.

Penisilini ina pete ya pembe nne tu, iliyobanwa kama upinde uliovutwa. Inapokutana na kimeng'enya kinachojenga ukuta wa bakteria, upinde unafyatuka, pete inafunguka na kunasa papo hapo. Ukuta haujengwi tena. Siprofloksasini hukwamisha vimeng'enya vinavyofungua mikunjo ya DNA. Flukonazoli, ambayo akina mama wanaijua kwa fangasi, ina pete yenye nitrojeni tatu, na nitrojeni mojawapo inashika chuma kilicho ndani ya kimeng'enya ambacho fangasi hukitumia kutengeneza ngozi ya seli zake. Kila ufunguo na kufuli yake.

Bibi yangu anasema zamani klorokwini ilitosha. Imeenda wapi?

Bibi yako anasema kweli, na huenda bado anaukumbuka mwasho wake. Klorokwini ni pete mbili zilizoshikana za ukoo wa kwinolini. Vimelea vya malaria vikazoea. Mwaka 1998 Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ikachukua mseto wa sulfadoksini na pirimethamini, na mwaka 2004 ikaamua kuhamia dawa mseto zenye asili ya artemisinini. Mtu aliyezaliwa Majengo miaka ya themanini ameziona zote tatu kabla hajafika miaka thelathini. Usugu wa dawa hapa kwetu haukuanzia kwenye mikutano. Tuliumeza na maji.

Lakini klorokwini ilituachia zawadi. Watafiti wa Marekani walipokuwa wakiitengeneza waliona zao la pembeni, kitu ambacho hawakukitafuta, na kikaonekana kuzuia bakteria kidogo. Kutoka hapo George Lesher na wenzake wakapata asidi ya nalidiksiki, waliyoitangaza mwaka 1962. Ilikuwa dawa dhaifu, ya njia ya mkojo tu. Baadaye wanakemia wengine wakaongeza atomu ya florini pembe moja na pete nyingine ya nitrojeni pembe ya jirani, nguvu ikapanda mara nyingi, na siprofloksasini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini tunahangaika kubadilisha kikundi kimoja kwenye pete halafu kingine, humsimulia hiyo.

Tunaanza kutengeneza vipi?

Kwa wengi wenu, kwa kalkoni. Unachukua asetofenoni na benzaldehidi (ile yenye harufu ya lozi), unaziyeyusha kwenye ethanoli, unadondoshea sodiamu haidroksaidi huku ukikoroga. Dakika za mwanzo hakuna kitu. Kisha maji yanakuwa manjano, yanakuwa mazito kama uji wa mchele, na ghafla mkorogo unakwama. Hiyo ndiyo kalkoni. Hiyo bado si pete mseto. Ni mnyororo wenye mahali pawili pa kushikia. Ukiichemsha saa kadhaa na haidrazini, nitrojeni mbili zinaingia, mnyororo unajifunga, na umepata pirazolini, pete ya pembe tano.

Haidrazini ni sumu, na inashukiwa kusababisha saratani. Inafanyiwa kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kwa glavu na miwani, na feni ya kabati ikiwa inazunguka kweli, si kwa kuamini tu kwamba umewasha swichi. Shikilia kipande cha tishu kwenye mlango wa kabati. Kikivutwa ndani, anza kazi.

Kuna njia nyingine nyingi, na baadhi ni kongwe. Mwanakemia Hantzsch alitoa ya kwake mwaka 1881, Paal na Knorr mwaka 1884, Biginelli mwaka 1891, na zote bado zinatumika. Mpya kidogo ni ile ya kuunganisha azaidi na alkaini kwa msaada wa shaba ili kupata pete yenye nitrojeni tatu. Ilichapishwa mwaka 2002, na ni sehemu ya kazi iliyowapa Sharpless, Meldal na Bertozzi Tuzo ya Nobeli mwaka 2022.

Mbona zao langu limekuwa gundi wakati kwenye makala wanasema ni fuwele nyeupe?

Kwa sababu aliyeandika makala hakuwa Mombasa mwezi wa Aprili.

Nasema kwa utani, lakini unyevu wa hapa ni adui wa kweli. Chupa ikitoka kwenye friji ukaifungua papo hapo, hewa yetu inaingia na kugeuka maji juu ya unga wako. Iache kwanza ifikie joto la chumba ndipo ufungue. Bezi za Schiff, kampaundi zinazopatikana kwa kuunganisha aldehidi na amini, ndizo zinazoteseka zaidi: maji yanazivunja zikarudi kuwa aldehidi uliyoanza nayo. Halafu unapima bakteria, wanakufa, unashangilia, kumbe kilichowaua ni aldehidi.

Gundi mara nyingi ni mchanganyiko. Weka tone kwenye bamba la kromatografia, linalotenganisha vitu vilivyochanganyika, na ulitazame chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Ukiona madoa matatu, una vitu visivyopungua vitatu. Yeyusha tena kwenye ethanoli ya moto kidogo iwezekanavyo, acha ipoe polepole, usiitikise. Ikikataa kuganda, kwaruza ndani ya chupa kwa fimbo ya kioo. Inaonekana kama uganga, lakini mikwaruzo inazipa fuwele mahali pa kuanzia.

Kuhusu barafu: kazi nyingine zinataka nyuzi 0 hadi 5, na mashine ya barafu ikiharibika tumewahi kununua barafu kwa wauza samaki. Inafanya kazi vizuri ukiichanganya na chumvi. Maabara inanuka changu siku mbili.

Duara langu lina milimita 18. Nimepata dawa?

Hapana. Najua ulikuja mbio na sahani mkononi, na najua ulivyofurahi. Kaa kitako kwanza.

Tazama kinachotokea. Umetandaza bakteria juu ya agari ya Mueller-Hinton (chakula chao kilichoganda kama jeli), wingi wao umelinganishwa na kipimo cha 0.5 cha McFarland, yaani karibu bakteria milioni 150 kwa mililita. Umeweka visahani vya karatasi vya milimita 6 vilivyolowekwa kampaundi yako. Usiku kucha, kwa nyuzi 35, bakteria wanaota kama zulia na kampaundi inasambaa kutoka kwenye karatasi. Pale iliposhinda, zulia halikuota. Unapima kwa rula.

Tatizo ni kwamba rula hiyo inapima mambo mawili kwa wakati mmoja: ukali wa kampaundi, na mwendo wake ndani ya agari. Agari ni maji kwa sehemu kubwa. Pete zetu nyingi zinapenda mafuta, kwa hiyo zinabaki palepale chini ya karatasi. Kampaundi kali isiyotembea inaweza kukupa duara la milimita 8, na dhaifu inayotembea ikakupa 20. Kwa dawa za hospitali maduara yana maana kwa sababu kila dawa imeshapimwa mara nyingi na ina jedwali lake. Kampaundi yako uliyoizaa Jumanne haina jedwali.

Kuna na mitego mingine. Mwanafunzi mmoja alipata maduara mazuri ajabu, kila kisahani milimita 14, hata kile cha kulinganishia ambacho hakikuwa na kampaundi yoyote. Kiyeyushi hakikuwa kimekauka. Ndicho kilichokuwa kikiua. Tukacheka, tukarudia, maduara yakatoweka. Usiku mwingine stima ilipotea saa nane hivi. Inkubeta ikapoa, bakteria wakachelewa kukua, na asubuhi kila duara lilikuwa kubwa kuliko wiki iliyotangulia, hata la dawa ya kulinganishia. Mwanafunzi angekuwa hana dawa ya kulinganishia, angeandika kwamba kampaundi imeboreka.

Na hata duara likiwa la kweli, kumbuka Fleming, mgunduzi wa penisilini, aliona lake London mwaka 1928. Panya walitibiwa kwa penisilini Oxford mwaka 1940. Mgonjwa wa kwanza aliyedungwa ili atibiwe, askari polisi mmoja, alikuwa mwaka 1941. Akaanza kupona, dawa ikaisha, akafa. Hiyo ni penisilini, na ilichukua muda wote huo.

Basi nipime nini?

Pima kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji, ambacho makala hukiandika MIC. Unachukua trei yenye visima 96, unapunguza kampaundi nusu kwa nusu: mikrogramu 256 kwa mililita, 128, 64, 32, ukishuka hadi robo. Unatia bakteria kila kisima. Asubuhi unatafuta kisima cha mwisho ambacho bado ni maji maangavu. Ukitia rangi ya resazurini inasaidia macho: buluu maana yake kimya, waridi maana yake wako hai. Kiyeyushi chako, DMSO, kisizidi asilimia 1 kwenye kisima, na uwe na safu ya kiyeyushi peke yake.

Kisha weka namba yako kando ya dawa halisi. Kwa bakteria E. koli wa majaribio anayejulikana kama ATCC 25922, siprofloksasini inatakiwa kuzuia kati ya mikrogramu 0.004 na 0.016 kwa mililita. Wewe umepata 128. Tofauti ni maelfu ya mara. Hakuna aibu katika hilo, lakini kuandika "kampaundi ilionyesha nguvu kubwa" ni aibu.

Kwa nini inamzuia Stafilokokasi lakini E. koli hashtuki?

E. koli ana ngozi ya pili kwa nje, na ana pampu zinazotapika kitu kigeni kabla hakijatulia. Stafilokokasi ana ukuta mnene lakini wenye vinyweleo. Matokeo ya namna hiyo ni ya kawaida, usiyafiche.

Na antioksidanti inaingiaje hapa?

Tembea ufuoni Likoni uangalie mabati. Chumvi, maji na oksijeni vinayala polepole. Mwilini pia oksijeni huzaa vipande visivyotulia, radikali huria, vyenye elektroni pweke inayotafuta mwenza kwa fujo, ikinyang'anya popote. Antioksidanti ni anayejitolea kutoa elektroni au hidrojeni yake bila yeye mwenyewe kuwa mkorofi mpya.

Jaribio letu la kawaida linatumia DPPH, radikali iliyotulia kiasi cha kuweza kuwekwa kwenye chupa. Blois aliuandika utaratibu wake mwaka 1958. Ukiiyeyusha kwenye methanoli inakuwa na rangi ileile ya matunda ya zambarau yanayopaka ulimi. Tia vitamini C: inapauka machoni pako mpaka inakuwa manjano hafifu. Unaiacha gizani nusu saa, unasoma mwanga kwa nanomita 517, unahesabu ni kiasi gani cha kampaundi kinachomaliza nusu ya rangi.

Kinachofanya kazi hapo mara nyingi si pete mseto yenyewe. Ni kikundi cha OH kilichobandikwa kwenye pete ya benzini jirani, hasa vikiwa viwili kando kwa kando. Pirazolini yenye OH mbili za namna hiyo inapausha. Ileile yenye klorini badala yake haifanyi kitu. Na kama kampaundi yako yenyewe ina rangi nyekundu au ya machungwa, mashine itaisoma pamoja na DPPH na kukudanganya. Soma kampaundi peke yake, utoe.

Msimamizi anataka molekuli moja iue vijidudu na pia iwe antioksidanti. Ni sawa?

Kama zoezi la kujifunza, ni sawa kabisa: utengenezaji mmoja, majaribio mawili, na vyote vinafanyika bila mashine za mamilioni. Kama dai la dawa, nina wasiwasi. Majaribio hayo mawili hayajuani. DPPH haipo mwilini. Kupausha rangi ndani ya methanoli hakusemi kama kampaundi itafika kwenye damu, itapita ini, itabaki nzima. Finland walifanya jaribio kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 wakiwapa baadhi yao beta-karotini, antioksidanti nzuri sana kwenye chupa. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa.

Kuna pia pete ambazo zinaonekana kufanya kazi kwenye kila jaribio. Rodanini, ya pembe tano yenye salfa na nitrojeni, ni maarufu kwa hilo. Mwaka 2010 Baell na Holloway wa Australia walichapisha orodha ya maumbo ya namna hiyo, yanayoingilia majaribio yenyewe badala ya ugonjwa. Mtu anayesema ndiyo kwa kila mtu hujui msimamo wake. Kabla hujachagua pete, itafute kwenye orodha hiyo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi: afadhali kampaundi sita zilizopimwa ipasavyo, pamoja na usalama wake kwa seli za binadamu, kuliko ishirini zenye jedwali zuri la maduara.

Si bora mwarobaini kuliko kemikali?

Swali la shangazi yangu, kila Idi. Shangazi, muhogo mchungu ni wa asili na unajua unavyouroweka kabla ya kupika. Penisilini ni ya asili, imetoka kwenye ukungu. Artemisinini imetoka kwenye mmea, ikamletea Tu Youyou Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, na hata hivyo wanakemia waliibadilisha ndipo ikawa vidonge tunavyovijua. Mwili hauulizi molekuli imezaliwa shambani au chupani. Unauliza ni kiasi gani.

Naweza kumpa jirani ajaribu kwenye kidonda?

Hapana. Wala usijipake wewe.

Vibali?

Kibali cha utafiti kinatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukigusa sampuli za wagonjwa unahitaji kamati ya maadili, na majaribio ya dawa kwa binadamu yako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Usiniletee bakteria uliowachota kwenye mtaro wa Kongowea, tumia wanaojulikana.

Kampaundi yangu haikuzuia chochote. Niitupe?

Mwaka 1912, Prague, wanafunzi wawili wa udaktari, Meyer na Mally, walitengeneza kampaundi ndogo yenye pete ya piridini. Waliitengeneza, wakaiandika, wakaendelea na maisha. Mwaka 1952, miaka 40 baadaye, ikagundulika kwamba inaua vimelea vya kifua kikuu. Ndiyo isoniazidi, na inamezwa mpaka leo kwenye kliniki za TB hapa mjini. Hakuna aliyewahi kuipima kwa kijidudu hicho kabla.

Kwa hiyo usitupe. Ikaushe vizuri, itie kwenye kichupa chenye kifuniko kinachobana, na kichupa hicho ukiweke ndani ya chombo chenye vitonge vya silika. Andika jina, tarehe, kiwango cha kuyeyuka na ukurasa wa daftari lako. Andika kwa penseli, kisha ubandike selotepu juu yake. Wino wa kalamu unafutika na ethanoli, na nina kasha zima la vichupa visivyo na majina.